Kachumba ya Manjanja

Batu banasema niliacha kazi juu ya magoti. Ni buongo. Magoti yangu inalia kila asubui, ni kweli, lakini ilianza kulia zamani na kazi ilikuwa inaendelea. Niliacha juu ya hasira. Na hasira haijaisha, njo maana naandika.

Naandikia nyiye bakomisionere ba Bunia, nyiye munakaa juu ya moto, ile pikipiki, na telefone mbili mu mukono, munaonyesha batu nyumba yenye nyiye benyewe hamujaingia ndani, munakamata komisio yenu munaenda. Masomo yangu iliishia primere. Makosa ya kuandika, mutasamehe. Ile ingine yenye nitasema, musisamehe, muikamate.

Kazi yangu ilikuwa kuchunga nyumba za kupangisha. Mwenye nyumba anakaa Kampala, ao Butembo, ao anakaa hapa hapa lakini anaogopa lokatere wake, mutu mwenye amepanga. Basi mi natafuta lokatere, napokea kodi, naita fundi, nagombana. Kugombana njo ilikuwa kazi yenyewe. Ile ingine yote ilikuwa mapumziko.

Mwenye alinifundisha anaitwa Mama Anyesi, Mungu amuweke pazuri. Alikuwa anachunga nyumba za batu benye balikimbia vita na habakurudi kukaa tena. Mi nilikuwa nauzisha makala ya kupikia mbele ya parsele moja yake, kiwanja na nyumba ndani. Siku moja alinikuta nagombana na mwanaume moja, papa mwenye alitaka kunilipa nusu ya mufuko. Hakunisaidia. Alisimama tu, akasikiliza mupaka mwisho, mupaka yule papa alilipa yote na akaongeza kuomba musamaha. Kisha akasema:

"Weye mama, mudomo sawa hii unaipotezea ku makala? Kuja kesho."

Kesho yake nilivaa kitenge yangu ya kanisa. Nilifikiri atanipatia funguo, tutaingia mu salon, atanionyesha viti. Hapana. Alinipeleka nyuma ya nyumba, ku choo. Akanipatia chuma moja, ile ya kuwekaka ndani ya beto (zege), urefu wake inafika ku kifua.

"Piga chini. Hapa, kandokando ya dale."

Dale ni ile sakafu ya simenti yenye inafunika shimo ya choo. Nikamuambia: "Mama, ni choo."

"Najua ni choo, niko na macho. Piga!"

Nikapiga.

"Inasema nini?"

"Inasema tu."

"Inasema sawa mutu mwenye ameshiba. Udongo iko pale. Siku itasema sawa ngoma, ujue chini hakuna kitu tena, shimo imekula kandokando yake. Ile siku ufunge mulango ya choo na usiulize mutu. Ata mwenye nyumba. Ata pasta."

Kisha tukaingia ndani saa ya jua kali. Akafunga mulango na madirisha yote, tukasimama mu giza na kitenge yangu ya kanisa, tunaangalia juu. Kila mahali musumari imelegea, jua inapita sawa nyota. Akasema kila nyota ni ndoo moja ya maji siku ya mvua. Akakwaruza miguu ya mulango na ukucha kutafuta muchwa. Akanusa ukuta. Mi nilimuona sawa mutu mwenye kichwa haiko sawa. Rangi ya nyumba aliiangalia mwisho kabisa.

"Lokatere anaangaliaka rangi," akaniambia. "Mwenye nyumba anaangaliaka viatu ya lokatere. Weye angalia kwanza choo, kisha juu. Nyumba inaanzaka kufa fasi yenye hakuna mutu anapenda kusimama."

Ile chuma iko ya kwanza mu byombo byangu. Ya pili ni kipande ya kioo ya kuangalia juu ya mbao fasi kichwa haiingie. Ya tatu ni mudomo. Nyiye muko na telefone ya kupiga picha. Ni muzuri, lakini telefone haisikie udongo.

Sasa tukuje ku garanti, juu njo pale hasira inakaa.

Kwa musomaji mwenye hajapangisha hapa kwetu: lokatere, mbele ya kuingia, anawekaka garanti, kodi ya miezi mingi kwa mara moja. Ni pesa ya kurudisha siku anatoka. Kila mutu anajua ni ya kurudisha. Na kila mwenye nyumba anakulaka. Anakula siku ile ile, sawa mutu mwenye ameambiwa itaoza. Ananunua simenti ya nyumba ya pili, ama televizio, ama anapeleka mahari ya mutoto. Lokatere naye si mujinga. Akianza kufikiria kutoka, anaacha kulipa, anakaa juu ya garanti yake mupaka inaisha. Hakuna mutu anashangaa. Tunaita ile "kukula garanti" na tunacheka, sawa ni tabia ya mutu mwingine.

Mama Anyesi hakukuwa anacheka. Alikuwa anasema: garanti si yako, na si ya lokatere mwenyewe kwanza. Garanti ni ya nyumba. Na pesa ya nyumba hailale ku nyumba sawa pesa. Siku lokatere anahesabu garanti ku meza, Mama Anyesi alikuwa anasimama na mwenye nyumba, bote baende soko saa ile ile, mbele jamaa haijasikia harufu. Banakuja na manjanja (nyiye ba mbali munaita mabati), na mbao za Komanda, na misumari, na mulango. Bitu byote inaingia mu kachumba kadogo kenye hakapangishwe. Kila parsele yenye alikuwa anachunga ilikuwa na kachumba yake, na kufuli.

Juu ya nini manjanja na si pesa? Weye unauliza sawa hauna jamaa. Pesa yenye inalala mu sanduku, ndugu bote banajua fasi iko. Kuko matanga, inatoka. Kuko mugonjwa, inatoka. Mutoto wa shangazi anataka kuenda kusoma Kisangani, inatoka, na hauwezi kukatala, utaitwa mwenye roho mubaya mupaka kaburini. Lakini hakuna mutu anakuja ku matanga kuomba mbao ya kuezeka. Na lokatere akitoka, lokatere mupya anaingia na garanti yake, ile inarudishia wa zamani. Manjanja inabaki pale pale. Simenti tu njo haikae. Ukiiweka inageuka jiwe. Simenti nunua siku ya kazi.

Benye nyumba balikuwa banalia. "Mama Anyesi, chumba muzima ya kulaza manjanja? Manjanja inalipa kodi?"

"Italipa siku upepo inakuja."

"Na kama haikuje?"

"Basi hautakuwa unakaa Bunia."

Nilifanya kazi naye miaka mingi, na niliona bingi. Niliona saa mashirika ya misaada ilijaa hapa, kila mutu akajenga nyumba kubwa na choo ya ndani, garanti ya moja inajenga ya pili, ya pili inajenga ya tatu. Mashirika ikafunga biro, bageni bakapanda ndege, na papa moja nilimukuta ameketi mu salon yake tupu, majani imeota mu douche, fasi ya kuoga, hana ata ya kulipa sentineli wa kulinda. Niliona vita ikirudi, kartie nzima, mutaa yote, ikakimbia. Mama Anyesi alifungua milango na madirisha ya nyumba zake na turnevis (bisibisi), akaifungia yote mu chumba moja, akajengea mulango na tofali. Batu bakasema amekuwa wazimu. Tuliporudi, nyumba za jirani hazikuwa na milango, ata fremu ilienda. Za kwetu tulirudishia kwa siku kidogo. Hakujisifu. Alisema tu turnevis yake imepinda.

Alipokufa aliniachia ile chuma. Batoto bake balikamata viti.

Kisha nilifanya peke yangu, na sitasema yote. Nitasema ya Zawadi.

Zawadi ni mujane. Bwana yake, Kasereka, alikuwa dereva wa lori ya Komanda na Mambasa, na kila safari alikuwa anarudi na mbao kidogo. Na hizo mbao alijenga nyumba moja ndefu ya milango minne, karibu na barabara. Mulango moja banakaa bo, mitatu banapangisha. Alipokufa na ugonjwa, Zawadi alibaki na ile nyumba na batoto. Hakukuwa na kitu ingine. Mukubwa wake, musichana, alikuwa karibu na diploma. Ile nyumba ikiinama, batoto banatoka ku masomo na mama anaenda kulimia batu. Alijua vile, na mi nilijua vile. Njo maana aliponiita nichunge, kitu ya kwanza nilimuambia tujengeshe kachumba ku mwisho ya nyumba, karibu na choo.

Hakubishana. Tulijaza pole pole. Garanti ya kila lokatere tulienda nayo soko, siye babili, Zawadi anabeba misumari ku kichwa sawa yai. Kuliingia mwalimu moja na bibi yake, batu bazuri, banalipa siku yao. Upepo ilikuja mwaka moja, ikabeba kona. Mbele ya chakula ya mangaribi fundi alikuwa amerudishia manjanja na hatukukopa kwa mutu. Zawadi alinishika mukono, akaniita koko sawa nyanya yake, akasema: "Koko Kavira, leo njo nimelala." Jua ilikuwa bado juu, lakini nilisikia yenye alitaka kusema.

Kisha akaja Muhindo.

Muhindo ni mudogo wa marehemu. Siku ya matanga alikula, kisha hatukumuona. Alirudi na shati ya kuangaza, na neno moja mu mudomo: projet. Aliita kikao ya jamaa siku ya Mungu nyuma ya ibada, kulikuwa wali na sukari ya chupa (soda). Projet yake ilikuwa hivi: mu parsele kuko nafasi mbele ya choo, tujenge milango ingine minne. Pesa inatoka wapi? Ku garanti. Lokatere bapya batoe garanti sasa, mbele nyumba haijasimama, njo itajenga ukuta. Na manjanja ya kuezeka iko tayari, inalala bure.

Bakafungua kachumba. Jamaa yote ikasimama ku mulango, inaangalia sawa benye kuangalia mutu mwenye ameficha nyama.

"Koko Kavira," Muhindo akasema, "hizi manjanja iko hapa tangu lini?"

"Tangu iliingia."

"Na imezaa?"

"Manjanja haizae. Weye njo unazaa, na batoto bako banakulaka kwa ndugu yako."

Jamaa ikacheka. Yeye naye akacheka, lakini shingo ilivimba.

"Koko, tunakuheshimu. Lakini kazi yako ni kuangalia choo. Mambo ya kujenga achia banaume."

"Vizuri. Choo ya milango munane iko wapi mu projet yako?"

"Iko moja pale. Ilikuwa inatosha."

"Ilikuwa inatosha batu ba milango minne. Unafikiri hawa bapya hawatakuwa na tumbo?"

Bakacheka tena. Kucheka haizuie kitu, muandike hii fasi. Muzee moja wa jamaa, baba mukubwa yao, akapangusa mudomo na akasema: mwanamuke hawezi kukatalia ndugu ya bwana yake kujenga ku parsele ya bwana yake. Zawadi aliniangalia. Nilimuambia mbele yao bote:

"Mwanangu, karatasi ya parsele iko na jina ya nani?"

"Yangu, koko."

"Basi garanti yenye atakula, ni weye utaitapika."

Kisha akasema na sauti ndogo: "Koko, nikikatala, nitabaki na nani?" Njo ile tu. Siko namulaumu yeye. Ninamulaumu baba mukubwa, mwenye alikuwa anatafuna bado.

Bakatoa manjanja, bakatoa mbao, ata mulango ya akiba bakatoa. Ile kachumba tupu Muhindo akaipaka chokaa na akaipangisha kwa kijana mwenye alikuwa ameoa karibuni. Na garanti ya lokatere bapya? Ilijenga ukuta, ni kweli, ukuta ya tofali moja nyembamba, udongo mingi na simenti ya kuonja. Ile ilibaki Muhindo akanunua moto mupya, nyekundu, ya kubeba batu. "Inaingiza kila siku," alisema. Alikuwa anaiosha mwenyewe asubui, anaipangusa na kitambaa, anaiweka mu kivuli ya choo juu jua isiharibu kiti. Nyumba hakuipangusa.

Mvua kubwa ilifika. Upepo ikabeba tena ile kona ya nyumba ya zamani, kona ile ile. Nikafungua kachumba kwa mazoea, nikakuta bibi ya yule kijana anavaa. Nikaomba musamaha. Lokatere bakafunika na basheti (turubai) na mawe, maji ikaingia ku vitanda. Nikamuendea Muhindo.

"Garanti iko wapi? Tununue manjanja."

"Koko, garanti iko inafanya kazi barabarani. Ngoja mwisho ya mwezi."

"Mvua imekuambia itangoja?"

Akawasha moto, akaenda.

Nikarudi nyuma ya nyumba na chuma. Kila kitu ilikuwa inajaa maji. Milango munane ilikuwa inaingia choo moja, na maji ya manjanja ya nyumba mupya ilikuwa inaanguka pale pale, juu hakuna mutu aliweka mufereji. Nikapiga. Sikuhitaji kupiga mara ya pili. Ngoma kabisa. Nikakamata mulango ya choo, nikafunga na waya, nikaita Zawadi, nikamuita mwalimu, nikasema hakuna mutu anaingia, baende kwa jirani, na fundi Bahati aitwe achimbe shimo mupya. Bahati ni fundi wa choo, hana haya na hana haraka. Alikuja, akaangalia, akarudi nyuma hatua kubwa, akasema: "Mama, hapa nitachimba nikiwa kule." Lakini alitaka pesa ya kuanzia, na Zawadi hakuwa nayo.

Muhindo akarudi, akakuta waya. Akaikata. "Uchawi wa chuma!" alisema, batu basikie. "Koko anataka kuharibia jamaa jina." Akaweka moto yake fasi yake ya kila siku.

Asubui yake, batoto bameshaenda masomo, tulisikia sauti sawa mutu mukubwa anameza. Choo ikashuka. Ilishuka na mulango yake, na dale, na moto nyekundu. Ukuta ya kachumba ikafunguka kutoka juu mupaka chini. Yule kijana na bibi yake balitoka mbio na nguo ya kulalia. Hakuna mutu alikufa. Nasema hii mara moja juu musisumbuke: hakuna mutu alikufa, na si juu ya akili ya mutu yoyote, ni Mungu tu.

Avenyu nzima ilikuja kuangalia. Mumama mwenye anauzisha mandazi akasema kwa nguvu: "Muhindo! Garanti imeingia benki!" Bamotari bakacheka mupaka bakashika matumbo. Muhindo aliomba Bahati ashuke na kamba.

"Mi nachimbaka choo," Bahati akajibu. "Kuvua samaki, uende Kasenyi ku ziwa."

Mi sikucheka. Niliangalia Zawadi. Alikuwa anashika ukuta ya nyumba na mikono yote mbili, sawa anaweza kuizuia.

Lokatere bakaenda kwa shefu wa avenyu siku ile ile, milango yote, banataka garanti yao batoke. Balikuwa na haki. Mutu hawezi kukaa na batoto mu nyumba bila choo na bila kona ya juu. Nilijaribu mudomo yangu, ile Mama Anyesi alipendaka. Nilisema: mubaki, mukae juu ya garanti mupaka iishe, tutachimba pole pole. Mwalimu na bibi yake balikubali. Bengine hapana. Bibi moja aliniuliza: "Koko, weye ungekaa?" Ukweli, singekaa.

Shefu akauliza: "Karatasi ya parsele iko na jina ya nani?" Muhindo hakukuwa pale kujibu. Alikuwa amepanda lori ya machimbo ya zahabu, na viatu tu. Baba mukubwa akatuma neno kwamba anaumwa mugongo. Jirani naye akakuja, maji ya shimo ilikuwa imeingia mu kisima yake. Kila siku mutu mupya ku mulango na mukono wazi, na Zawadi anasema: ndiyo papa, ndiyo mama, nimesikia.

Aliuzisha. Nilimuambia angoje, nikamuambia auzishe nusu, nikatembea Bunia na haya magoti kutafuta mutu wa kumukopesha. Banakopesha mwenye hana shida. Patron moja wa zahabu, anaitwa Jado, alinunua parsele yote na bei ya mutu mwenye anajua weye huna fasi ya kuenda. Kwa ile pesa garanti ya batu ilirudishwa, yote, mbele ya shefu. Ile ilibaki iliingia ku masomo. Musichana alifanya egzame yake. Zawadi analimia batu.

Patron Jado si mutu mubaya. Anasalimia. Alichimbisha choo mupya siku ya kwanza, Bahati akalipwa yote, akarudishia kona na manjanja. Aliniita nikamuchungie, na nilikubali, juu nilifikiri nitaanza upya: kachumba, kufuli, yote. Siku ya kufungua nyumba aliweka meza mu parsele, na benzake banaketi. Zawadi akafika na mufuko moja ya byombo. Alikuwa anatafuta fasi ya kukaa na batoto, na yenye aliweza kulipa mu Bunia nzima ilikuwa ile kachumba. Ile ile, ukuta imezibwa na simenti. Mu parsele yenye bwana yake alibebea mbao safari kwa safari, aliingia sawa lokatere.

Akatoa garanti yake mu kitambaa, akaiweka ku meza na mikono mbili, sawa tunafanyaka mbele ya mukubwa. Patron Jado hakuihesabu. Akaipatia dereva wake.

"Kamata. Leta mbuzi ya kuchoma na bia, tufungue nyumba vizuri."

Nikauliza: "Patron, ile ni garanti. Akitoka utamurudishia nini?"

Akanicheka na upole, sawa banachekaka mutoto. "Koko, garanti ni ya kukula. Ilikuwa vile tangu babu zetu. Na ile kachumba ingine yenye uliniambia ya kuweka manjanja, siwezi. Fasi yote italipa kodi. Ketieni, bamama, nyama inakuja."

Zawadi alikuwa anaangalia mufuko yake.

Nikatoa funguo mu kitambaa ya kichwa, moja moja, nikaiweka ku meza kandokando ya chupa. Nikamuambia atafute mwingine, kuko bakomisionere mingi na telefone. Akasema: "Eeh koko, ni magoti?" Nikasema ndiyo, magoti. Sikutaka kupoteza mudomo. Ile chuma ya Mama Anyesi nilimupatia Zawadi.

Nyama ikafika, bakaanza kukula. Nilikuwa nafunga viatu ku mulango ya parsele niliposikia nyuma ya nyumba: kong. Kisha kimya. Kisha kong, mbele kidogo.

Patron Jado akainua kichwa, mafuta ku ndevu. "Ni nini ile?"

"Ni lokatere wako," nikamujibu. "Anasikiliza nyumba yako."

Nikatoka. Magoti ilinibeba vizuri mupaka kwangu.